Mwenyekiti Mpya, Daftari la Zamani

Siku chache baada ya Idi, nikiwa ndio kwanza nimeingia nyumbani kutoka kuswali Isha, simu ililia. Aliyepiga ni mwanafunzi wangu wa zamani, binti niliyemsomesha juzuu ya Amma katika madrasa yetu hapa Mombasa miaka ishirini na kitu iliyopita. Leo yeye ni mama wa watoto watatu, aishi Minneapolis katika jimbo la Minnesota, Marekani, na kazi yake ni kuwahudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee. Kwetu ulikuwa usiku. Kwao adhuhuri, naye alikuwa katika mapumziko yake ya chakula. Tukasalimiana, akaniuliza hali ya watu wa nyumbani mmoja mmoja kama ilivyo ada yetu, kisha akanyamaza kidogo.

"Maalim," akasema, "jana wamenichagua kuwa mwenyekiti wa bodi ya jumuiya yetu. Nimempigia mama, amepiga vigelegele mpaka majirani wametoka. Wewe nimekupigia kwa sababu mimi sikufurahi. Naogopa."

Nikamwuliza aogopa nini. Akanijibu: "Nimeomba daftari la hesabu, nikaambiwa liko kwa mzee. Nikauliza mzee atalileta lini, watu wakatazamana."

Nayaandika haya kwa idhini yake, kwa sharti kwamba nisimtaje yeye, wala jumuiya yake, wala mzee aliyeiasisi. Nimeona yafaa kuandikwa kwa sababu ni chache nyumba katika mwambao wetu, tangu Lamu hadi Vanga, zisizokuwa na mtu wao ughaibuni. Na watu wetu hao, wakishapata kazi na mahali pa kulala, jambo lao la tatu huwa ni kuunda jumuiya. Sisi huku husikia habari za harusi zao na maziko yao. Habari za bodi zao hatuzisikii mpaka liharibike neno.

Jumuiya zenyewe

Kwanza msomaji aelewe ukubwa wa jambo hili. Kwa hesabu za kituo cha utafiti cha Pew, Waafrika weusi waliozaliwa barani Afrika na kuhamia Marekani walikuwa yapata 600,000 mwaka 2000. Kufikia 2019 walikuwa wamefika milioni 2. Wengine walikwenda kusoma wakabaki. Wengine walikwenda kama wakimbizi chini ya sheria ya mwaka 1980, na wengine walipata ile bahati nasibu ya viza iliyotokana na sheria ya uhamiaji ya 1990, ambayo vijana wetu walikuwa wakiijaza kila mwaka katika vibanda vya intaneti wakitumai jina lao litatoka. Mwanafunzi wangu na mumewe walifika kwa njia hii ya mwisho.

Mtu afikapo nchi isiyokuwa na mjomba wala shangazi, humtafuta anayefanana naye. Huanza na chai sebuleni kwa mtu, kisha mchango wa kusafirisha maiti, kisha mama mmoja anasindikizwa hospitali kwa kuwa hajui Kiingereza, kisha watoto wanatafutiwa mahali pa kusoma jioni. Siku moja mtu asema, "Tujisajili." Hivyo ndivyo zilivyozaliwa nyingi. Huko Harlem, New York, wakimbizi wa Ethiopia waliasisi African Services Committee mwaka 1981. Katika mtaa wa Bronx, mwaka 2004, Bi. Zeinab Eyega, mwenye asili ya Sudan, aliasisi jumuiya ya kuwahudumia wanawake na wasichana wa Kiafrika, na jina alilolichagua, ingawa yeye si Mswahili, ni la lugha yetu: Sauti Yetu. Nilipolisikia mara ya kwanza nilidhani ni redio ya huku kwetu.

Na Lewiston, mji katika jimbo la Maine ambako theluji huanguka hadi ikaziba milango, iko jumuiya ya Wasomali Wabantu iliyoundwa mwaka 2005. Hao si wageni kwetu. Asili ya mababu zao ni Tanzania, Msumbiji na Malawi, walikochukuliwa kwa utumwa katika karne ya kumi na tisa, na wako kati yao ambao hadi leo wasema Kizigua. Vita vya Somalia vilipozuka mwaka 1991 walivuka mpaka kuja Kenya. Wasomaji wenye umri wangu watakumbuka kambi za Utange na Marafa zilizopokea wakimbizi wa vita vile hapa hapa pwani, kabla ya watu kupelekwa Dadaab na Kakuma. Kuanzia mwaka 2003 Marekani ikawachukua Wabantu hao kwa maelfu, nao leo wanalima mahindi katika ardhi ya Maine kama walivyolima bondeni Juba.

Nimezitaja hizi ili msomaji asidhani kwamba jumuiya ya binti yangu ni kitu kidogo cha kuchekesha. Ni mlango ambao mtu hubisha wakati milango mingine haifunguki. Na wakati huu wabishaji wamezidi. Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha upokeaji wa wakimbizi, na Juni mwaka huo ikawapiga marufuku ya kuingia raia wa nchi kumi na mbili, zikiwemo Somalia, Sudan na Eritrea. Mama aliyekuwa akimngoja mwanawe aje, sasa huja ofisini kwa jumuiya kuuliza, na hana mwingine wa kumwuliza.

Bodi ni nini?

Mamake binti huyu nilikutana naye Marikiti wiki ile ile, akanisimamisha kati ya mafungu ya mchicha. "Maalim, umesikia mwanangu amekuwa mwenyekiti Amerika? Huo uenyekiti una mshahara mzuri?" Nikamwambia hauna hata senti moja. Akanitazama kama kwamba nimemtania.

Basi nitaeleza kwa njia tunayoielewa sisi. Mtu akiweka wakfu nyumba yake kwa ajili ya msikiti, nyumba ile hutoka mikononi mwake. Haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi. Huwekwa mutawalli wa kuisimamia, naye hukusanya kodi na kukarabati paa, lakini nyumba si yake hata angeisimamia miaka arobaini. Akila katika kodi ile pasipo haki amekula mali ya watu.

Jumuiya za hisani za Marekani zina roho hiyo hiyo, ingawa mwili ni mwingine. Jumuiya ikishasajiliwa haina mwenyewe. Aliyeiasisi si mwenyewe, hata kama alitoa fedha zake mfukoni na jina aliliota usingizini. Badala ya mutawalli mmoja huwekwa bodi. Katika Minnesota sheria yataka wajumbe wasiopungua watatu. Kwa kawaida wajumbe hao hawalipwi. Wao ndio wamwajirio mkurugenzi mtendaji, wapangao mshahara wake, wapitishao makadirio ya matumizi, na wao ndio watakaoulizwa. Ndiyo sababu mtu mmoja akiwa mkurugenzi na mwenyekiti na mtunza fedha kwa pamoja, huwa hakuna bodi tena. Kuna mtu na vivuli vyake.

Serikali nayo huisamehe jumuiya ya hisani kodi ya mapato, na mtu anayeichangia huweza kupunguziwa kodi yake mwenyewe. Badala yake yataka kitu kimoja: kila mwaka jumuiya ipeleke taarifa ya fedha katika fomu iitwayo 990, na fomu hiyo iwe wazi kwa kila atakaye kuisoma. Jumuiya ndogo kabisa hutakiwa kupeleka taarifa fupi tu ya kielektroniki. Si kazi kubwa. Lakini isipopelekwa miaka mitatu mfululizo, msamaha wa kodi huanguka wenyewe kwa nguvu ya sheria, bila ya kungoja hukumu ya hakimu. Jumuiya yaanza upya kuomba, wafadhili waondoka, na mashirika yatoayo ruzuku hayawezi tena kuigusa.

Kina mama wa vyama vya mitaani kwetu wayajua haya kuliko maprofesa. Katika chama cha kina mama fedha huhesabiwa mbele ya macho ya wote, jina husomwa, daftari hutiwa alama, na mwenye shaka husema papo hapo. Hakuna aonaye kwamba ametukanwa kwa sababu shilingi zimehesabiwa mara ya pili.

Kivuli cha Minnesota

Hofu ya binti yangu ilikuwa na sababu nyingine, nayo yatoka katika jimbo lake hilo hilo. Wakati wa maradhi ya korona serikali ya Marekani ilitoa fedha nyingi za kulisha watoto ambao shule zao zilikuwa zimefungwa. Jumuiya moja ya Minnesota iitwayo Feeding Our Future ilikuwa miongoni mwa zilizopewa kazi ya kusimamia vituo vya chakula. Septemba 2022 waendesha mashtaka wa serikali wakawashtaki watu 47 kwa mara moja, wakisema kwamba zaliibiwa yapata dola milioni 250 kwa kuandika watoto ambao hawakuwako na sahani ambazo hazikupakuliwa. Washtakiwa waliongezeka baadaye. Aliyeiasisi na kuiongoza jumuiya hiyo, Aimee Bock, ni Mmarekani mweupe, na baraza la mahakama lilimtia hatiani Machi 2025. Lakini wengi katika walioshtakiwa walikuwa na asili ya Kisomali.

Katika kesi hiyo liko jambo moja lililonifanya niweke chini kikombe changu cha kahawa niliposimuliwa. Mtu ambaye karatasi za jumuiya zilimtaja kuwa mwenyekiti wa bodi alisimama mahakamani akasema hakuwa akijua kwamba yeye ndiye mwenyekiti. Mamilioni yalipita chini ya jina lake, naye hana habari.

Waliokula ni watu wanaohesabika. Fedheha ikabandikwa jamii nzima, hata kwa mama auzaye sambusa ambaye hajawahi kuiona fomu yoyote. Binti yangu aniambia kwamba tangu wakati huo, wakienda kuomba ruzuku ya darasa la Kiingereza, swali la kwanza ni juu ya bodi: ni nani, hukutana lini, nani hutia saini hundi. "Na mimi, Maalim, sina jibu la hata moja."

Nilichomweleza usiku ule

Kabla ya kumshauri nilimhadithia yangu, kwa maana si haki kumpa mtu nasaha kama kwamba wewe hukuwahi kuteleza.

Nikiwa kijana wa miaka thelathini na kitu niliwekwa mweka hazina wa kamati ya madrasa moja. Mwenyekiti alikuwa mzee mwenye heshima kubwa, mtu ambaye akipita watu husimama. Yeye alikuwa akiweka kitabu cha hundi katika mkoba wake wa ngozi, na kila mwisho wa mwezi hunijia na hundi tupu tatu au nne, akaniambia, "Maalim, tia saini hapa, nisikusumbue tena." Nami nilitia. Niliona haya kuuliza. Tulikuwa tukichanga fedha za kuezeka upya paa la madrasa. Siku mzee alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, tukaenda benki tukakuta fedha hazifiki hata nusu ya tulizodhani. Hadi leo sijui zilikwenda wapi. Huenda alilipa mambo ya haki ambayo hakuyaandika. Nilimjua, na moyo wangu waelekea huko. Lakini watu walisema waliyoyasema, na waliosikia ni wajane wake na watoto wake, wakiwa bado katika eda na matanga. Ningeuliza siku ile ya kwanza, ningemkinga yeye kabla ya kuikinga madrasa. Mimi nilidhani namheshimu.

Binti yangu akasikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Basi nijiuzulu?"

Sikumwambia ajiuzulu. Nilimwambia asikubali bado. Kuchaguliwa ni jambo moja, kupokea ni jambo jingine. Asitie saini karatasi yoyote ya benki mpaka aone hesabu za miaka mitatu, barua za serikali, katiba ya jumuiya na kumbukumbu za mikutano. Akiviona, na akaona kwamba mzigo wabebeka, apokee. Akinyimwa, aondoke kwa maandishi, yenye tarehe, na nakala abaki nayo.

Tatizo lilikuwa namna ya kumwendea mzee. Huyu mzee si mtu mbaya. Alifika Minnesota wakati Waafrika wa huko walikuwa wakijuana kwa majina. Aliwapeleka watu hospitali kwa teksi yake usiku wa baridi bila ya kuwatoza. Aliosha maiti. Ofisi ya kwanza ilikuwa chumba cha nyumbani kwake. Lakini kila kitu kilikuwa kichwani mwake na ndani ya mifuko ya plastiki, na kwa miaka kumi na zaidi hakuna aliyethubutu kumwambia, "Mzee, tuonyeshe." Sasa anakuja msichana, umri wa bintiye mdogo, wa nchi nyingine, kumwuliza hesabu. Nilimwambia: usimwulize mkutanoni kwanza, wala kwa ujumbe wa simu. Mfuate nyumbani, uende na mkubwa wa kike, uketi, unywe alichokupa. Adabu iwe katika namna unavyouliza. Swali lenyewe usilipunguze.

Akaniuliza pia jambo ambalo najua baadhi ya wasomaji wameshajiuliza. Wajumbe wawili wa bodi, wanaume, walikuwa wamenong'ona kwamba si sawa mwanamke kuwaongoza. Nikamkumbusha wakfu wa Sayyidna Umar katika ardhi ya Khaybar: usimamizi wake baada yake aliuusia kwa binti yake, Bibi Hafsa, naye Umar hakukosa wanaume wa kuwausia. Hapa pana mali ya watu ya kuangaliwa, na aliyefaa kuiangalia ndiye apewe. Wale wanong'onaji, nilimwambia, waulize wao wenyewe wamehudhuria mikutano mingapi mwaka jana. Baadaye nilipata jibu: mmoja, na mwingine hakuna.

Sanduku chini ya kitanda

Walikwenda Jumamosi, yeye na mama mmoja wa Kikongo kutoka Bukavu ambaye ni mjumbe wa bodi, mtu mzima, na ambaye Kiswahili chake, binti yangu aniambia, chamfanya acheke kila akisikia lakini chamtuliza moyo. Wakachukua sambusa na chupa ya chai ya maziwa. Mzee aliwapokea vizuri. Walipofikia neno lao uso ukabadilika.

"Mnanitilia shaka?" akauliza.

Binti yangu hakujibu haraka. Kisha akamwambia, "Mzee, wewe upo, ukiulizwa utajibu. Naogopa siku tutakayoulizwa sisi nawe hupo."

Ilipita kimya. Aliyekivunja hakuwa mzee, alikuwa mkewe. Bibi yule akainuka, akaingia chumbani, akarudi anaburura sanduku la safari lililokuwa chini ya kitanda, kisha la pili. "Chukueni," akasema. "Miaka yote hii nalala juu ya ofisi yenu."

Ndani mlikuwa na risiti zilizofifia wino, picha za sherehe za uhuru wa nchi mbalimbali, orodha za michango ya maziko, na barua, nyingi hazikufunguliwa. Miongoni mwa zisizofunguliwa ilikuwamo ya Idara ya Mapato ya Marekani. Tangu sheria ya mwaka 2019 idara hiyo hutakiwa kuionya jumuiya iliyopitisha miaka miwili mfululizo bila ya kupeleka taarifa yake, na barua ile ilikuwa ndiyo onyo lenyewe. Miaka miwili ilikuwa imepita. Taarifa ya mwaka wa tatu ilitakiwa ifike kabla ya tarehe 15 Mei kwisha. Walikuwa na wiki sita na siku chache.

Alinipigia usiku ule ule, kwao bado mchana. Safari hii hakusema kwamba anaogopa. Alikuwa na hasira, na nikamwachia amalize. Hasira yake haikuwa kwa mzee peke yake. "Maalim, tulikuwa watu saba katika bodi. Saba! Tulikuwa tukija, tunakula wali, tunapiga picha, tunaondoka. Mimi mwenyewe nilikuwamo miaka miwili." Katika yote aliyoniambia kwa miezi hii, hilo naliona ndilo zito kuliko mengine, na hakuna aliyemlazimisha kulisema.

Kuanzia hapo kazi ikawa ya karatasi, na karatasi hazina hadithi nyingi. Walimpata mhasibu, Mliberia, aliyekubali kulipwa nusu. Kina mama wa darasa la Kiingereza walikuja jioni kupanga risiti kwa miezi juu ya meza za watoto. Ikaonekana kwamba mara nyingi mzee alilipa pango la ofisi kwa fedha zake mwenyewe, na mara nyingine alilipa ada ya gari lake kwa fedha za jumuiya, na hakuandika lolote katika mawili hayo. Ukijumlisha, huenda jumuiya ndiyo yenye deni kwake. Lakini liko fungu moja la ruzuku ambalo risiti zake hazijakamilika hadi naandika makala haya. Mmoja katika wajumbe alitaka mapengo yale yajazwe kwa risiti za kutengeneza "ili mambo yaishe." Bodi ikakataa, ikaandika katika kumbukumbu zake kiasi kile kama kilivyo, na kwamba hakijulikani kilikokwenda. Nilipoambiwa hilo nilimwambia mke wangu kwamba sasa mtoto huyu amekuwa mwenyekiti.

Mkutano wa makabidhiano ulifanyika mwanzoni mwa Mei. Waliamua kwamba hundi itiwe saini na watu wawili wasiokuwa wa nyumba moja, kwamba mweka hazina asome hesabu kila baada ya miezi mitatu mbele ya wanachama wote na si bodi peke yake, na kwamba muhula wa mjumbe uwe miaka mitatu. Mzee wamempa nafasi ya mshauri, pasipo saini. Kiti cha makamu amekipata yule mama wa Bukavu. Kuna waliotaka mzee aombwe radhi hadharani na kuna waliotaka yeye ndiye aombe radhi. Halikupita la upande wowote.

Mzee mwenyewe hakuhudhuria. Alimtuma mwanawe na bahasha yenye funguo. Binti yangu hakunificha kwamba alilia aliporudi nyumbani, kwa sababu mtu huyo ndiye aliyempokea yeye uwanja wa ndege miaka tisa iliyopita na kumpa koti. Nilimshauri aendelee kwenda kumsalimu kila Ijumaa, hata kama hafunguliwi mlango. Amekwenda mara tatu. Mara ya tatu amefunguliwa, na bibi ndiye aliyefungua.

Taarifa ya mwaka wa tatu ilipelekwa tarehe 13 Mei, siku mbili kabla ya muda kwisha. Zile mbili za nyuma bado zinaandikwa, pamoja na faini za kuchelewa, nao wanazichangia. Mamake hapa ametuma mchango wake, shilingi elfu mbili, na akaniomba niandike kwamba ametuma na kwamba ataka risiti.

Jana usiku nilipata ujumbe wa sauti. Nyuma yake zilisikika sauti za watoto wakisoma herufi. Katika zile funguo za bahasha, asema, moja haifungui chochote, na kabati la chuma lililo kwenye kona ya ofisi halina ufunguo. Wamemwita fundi aje kulifungua Jumatatu, na wameamua kwamba siku hiyo wajumbe wote saba wawepo.